Zabuni ya Vishikwambi

Historia ya nchi haifanywi na wafalme na majemadari peke yao. Sehemu yake kubwa hufanywa na watu walioketi mezani, wakapima, wakahesabu, kisha wakatia sahihi. Reli hujengwa kwa mikono ya vibarua, lakini kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa huwapo karatasi inayosema nani atajenga, kwa bei gani, kwa muda gani, na akishindwa atawajibika vipi. Karatasi hiyo ndiyo mkataba. Na mashindano ya haki yanayoongoza kwenye mkataba wa serikali ndiyo huitwa zabuni. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za zabuni moja kubwa ya Kenya. Nimeichagua kwa kuwa iliwahusu watoto wa shule, ilianguka mara ya kwanza ikasimama mara ya pili, na mmoja wa washindi wake alitoka katika nyanda hizi hizi za Uasin Gishu.

Anayetoka mjini Eldoret kwa njia ya Ziwa hufika Chepkoilel baada ya kilomita 9 hivi. Mahali hapa pana historia inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi, maana ardhi ile ile imebeba majibu ya swali moja lililoulizwa katika zama mbalimbali: nchi inahitaji elimu ya namna gani? Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walianzisha hapa kituo cha kufundishia wakulima wa mashamba makubwa. Elimu iliyotakiwa na watawala wa siku zile ilikuwa ya ngano na ng'ombe. Mwaka 1984, Kenya ikiwa huru kwa zaidi ya miaka 20, kituo kiligeuzwa kuwa chuo cha kufundishia walimu wa sayansi. Mwaka 1990, vijana wengi walipohitaji nafasi za masomo ya juu, chuo hicho kilitiwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikawa Bewa la Chepkoilel. Mwaka 2010 kikapandishwa kuwa chuo kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Kutoka plau hadi maabara, ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni hitaji la nchi.

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoilea Chepkoilel kwa zaidi ya miaka 20, chenyewe kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984, kikiwa na makao huko Kesses. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83 tu, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapana aliyedhani siku ile kwamba chuo kilichoanza na wanafunzi wa misitu kingesimama siku moja kushindania mkataba wa kuzipa shule za msingi vifaa vya elektroniki. Hata hivyo, siku hiyo ilikuja.

Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana William Ruto, waliokuwa viongozi wa muungano wa Jubilee, waliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za umma angepewa kipakatalishi, yaani kompyuta ndogo ya kubebwa mkononi. Walishinda uchaguzi wakaunda serikali. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Na deni hili lilikuwa kubwa. Watoto walikuwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Shule nyingi hazikuwa na umeme. Walimu wengi hawakuwa wamewahi kufundisha kwa kompyuta. Kiwanda cha kuunda vifaa hivyo kwa wingi kama huo hakikuwapo nchini. Ilibidi serikali inunue, na ilipasa inunue kwa zabuni.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini serikali isimwendee tu mfanyabiashara mzuri ikanunua, kama mama anavyonunua sukari dukani? Jibu ni kwamba mama hununua kwa fedha zake, na akipunjwa huumia mwenyewe. Serikali hununua kwa fedha za watu wote, na anayechagua duka siye anayeumia. Kenya ililijua jambo hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilitaka mtambo mpya wa kutengenezea pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya yuro milioni 6. Lakini mkataba ukapewa jina lisilojulikana, Anglo Leasing and Finance, kwa yuro milioni 30. Mwaka 2004 mambo yakafichuka, na watu wakatambua kwamba nyuma ya jina lile hapakuwa na kampuni yenye kiwanda wala mafundi. Jina Anglo Leasing likawa nchini mwetu jina la wizi unaofanywa kwa kalamu.

Baada ya aibu hiyo sheria zilikazwa. Bunge lilipitisha sheria ya ununuzi wa umma mwaka 2005. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, ikaagiza kwamba taasisi ya umma inaponunua bidhaa au huduma ifuate utaratibu wa haki na usawa, ulio wazi, wenye ushindani na usiofuja fedha. Sheria nyingine ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, ikaweka siku za kila hatua. Wanaotathmini hawapewi zaidi ya siku 30. Mshindi akitangazwa, mkataba hautiwi sahihi kabla siku 14 hazijapita, na ndani ya siku hizo aliyeshindwa anaweza kulalamika mbele ya bodi maalumu. Bodi hiyo nayo ina siku 21 za kutoa uamuzi. Kwa njia hii sheria humpa sauti hata aliyeshindwa, maana mara nyingi yeye ndiye mwenye jicho kali la kuona kasoro.

Sasa tutazame jinsi mtu anavyojitayarisha kwa mashindano haya, kwani wengi hudhani kwamba ni kuandika bei ya chini na kungoja. Sivyo hata kidogo. Kwanza serikali hutangaza mwito, na pamoja na mwito hutoa kitabu cha masharti, ambacho kwa kazi kubwa huwa na kurasa nyingi. Mzabuni mwerevu hukisoma kitabu hicho kama mwanafunzi anavyosoma swali la mtihani, akijiuliza katika kila mstari: ninaulizwa nini hasa, na ninalo jambo gani la kuthibitisha jibu langu? Yako masharti ya lazima: cheti cha kuandikishwa kwa kampuni, hati ya kulipa kodi, dhamana ya benki, hesabu za fedha zilizokaguliwa, barua ya mtengenezaji. Lisipotimizwa moja tu, zabuni yote hukataliwa hapo hapo, hata kama bidhaa ni bora kuliko zote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini mbele ya kamati ya zabuni hata kizuri hakijiuzi bila hati.

Baada ya masharti ya lazima huja sehemu ya ufundi. Hapa mzabuni hueleza kifaa chake: betri yake hudumu saa ngapi, kikianguka kutoka mikononi mwa mtoto kitavunjika au hakitavunjika, vumbi na maji vitakidhuru kiasi gani, kikiharibika nani atakitengeneza, na atafika shuleni baada ya siku ngapi. Mwisho huja bei. Katika zabuni nyingi mambo ya ufundi hupimwa kwanza na bei baadaye, ili urahisi wa bei usiwapofushe wapimaji. Bahasha huwa zimefungwa, hutiwa katika sanduku moja, na saa iliyotajwa ikifika sanduku hufunguliwa mbele ya wazabuni wote na bei husomwa kwa sauti. Anayechelewa hata kwa dakika chache hurudishiwa bahasha yake bila kufunguliwa. Desturi hii yaweza kuonekana kuwa kali. Lakini ukali huo ndio ukuta unaomkinga mnyonge asipokonywe na mwenye ndugu serikalini.

Tukishafahamu hayo, tunaweza kuelewa kwa nini zabuni ya kwanza ya vipakatalishi ilianguka. Wizara ya Elimu ndiyo iliyoisimamia. Mashindano yalipokaribia mwisho, kampuni tatu za kigeni zilikuwa zikigombea: Hewlett-Packard ya Marekani, Haier ya China, na Olive Telecommunications ya India. Mapema mwaka 2014 Olive ilitangazwa kuwa mshindi, kwa mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 20. Wapinzani wake hawakunyamaza. Walikwenda mbele ya bodi ya kupitia malalamiko ya zabuni, wakadai kwamba mshindi hakutimiza masharti. Bodi ikakagua hati. Ikaona kwamba Olive haikuwa mtengenezaji wa vifaa vyenyewe, ilhali masharti yalitaka mtengenezaji, na kwamba haikuthibitisha uwezo wa fedha uliotakiwa. Bodi ikaufuta ushindi ule. Jambo likafika Mahakama Kuu, na mahakama haikuurudisha mkataba. Zabuni ya fedha nyingi ikaanguka, si kwa vita wala kwa tufani, bali kwa sababu karatasi hazikuthibitisha lililodaiwa.

Ni nani aliyelipa gharama ya kuanguka huko? Haikuwa kampuni peke yake, wala maofisa peke yao. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, ambaye wazazi wake walikuwa wameambiwa kwamba angekipata kifaa, aliingia darasa la pili bila kukiona, na vifaa vya kwanza vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, yeye alikuwa darasa la tatu. Programu ilianzia kwa wadogo zake. Makosa ya mezani yana desturi hii: hutendwa na watu wazima katika majengo marefu, na maumivu yake huenda kutua juu ya dawati la mtoto asiyejua hata jina la jengo hilo. Pamoja na hayo, hapana budi tukiri kwamba bodi na mahakama zilitenda wema. Kuchelewa kulikuwa hasara, lakini kununua kwa mabilioni kutoka kwa asiyestahili kungalikuwa hasara kubwa zaidi, na mfano mbaya kwa kila zabuni ya baadaye.

Serikali ikarudi mezani. Safari hii kazi ilitolewa mikononi mwa Wizara ya Elimu ikapewa Mamlaka ya TEHAMA, chombo cha serikali kinachosimamia teknolojia ya habari na mawasiliano. Swali lenyewe nalo likabadilishwa, na hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Zabuni ya kwanza ilikuwa imeuliza zaidi: nani atatuuzia kompyuta? Ya pili iliuliza pia: nani ataleta ufundi huu nchini, na vifaa hivyo vitaunganishwa wapi? Kwa watoto wadogo kifaa kikawa kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoguswa kwa kidole, na kwa mwalimu kikawa kipakatalishi. Kila shule ilikusudiwa kupata vipakatalishi 2 vya walimu, projekta moja, na kifaa kimoja cha kuhifadhi masomo na kuyasambaza darasani bila waya. Masomo yenyewe yalitayarishwa chini ya uangalizi wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya.

Swali lilipobadilika, washindani nao walibadilika. Kampuni ya kigeni iliyokuwa na kiwanda haikuwa na mizizi nchini. Chuo kikuu cha Kenya kilichokuwa na mizizi hakikuwa na kiwanda cha kompyuta. Dawa ilikuwa kushirikiana. Chuo Kikuu cha Moi kikaungana na JP Sá Couto, kampuni ya Ureno. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilicho Juja, kikaungana na Positivo BGH, ushirika wa kampuni za Brazil na Argentina. Miungano hiyo miwili ndiyo iliyoshinda, na kufikia mwaka 2016 kazi ilikuwa imeanza. Muungano wa Moi ulipewa kaunti 26, na ule wa Juja kaunti 21, jumla kaunti 47 zote za nchi.

Yafaa tusimame kidogo tuutazame muungano wa Moi, maana ni mfano mwema wa zabuni iliyotengenezwa kwa akili. JP Sá Couto haikuja na maneno matupu. Tangu mwaka 2008 ilikuwa imewaundia watoto wa shule za Ureno kompyuta ndogo iliyoitwa Magalhães, kwa jina la baharia Mreno ambaye safari yake iliizunguka dunia, na vifaa vyake vilikuwa vimetumika hadi Venezuela. Basi ilipoulizwa kama imewahi kuwatengenezea watoto vifaa kwa wingi, ilikuwa na jibu lenye ushahidi. Chuo Kikuu cha Moi nacho hakikuwa mgeni katika mambo ya viwanda: mwaka 2007 kilikuwa kimekinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret, kilichokuwa kimefungwa, kikakifanya mahali pa uzalishaji na mafunzo. Kilikuwa na wahandisi, wahadhiri na wanafunzi wa kufunzwa. Mmoja alileta kiwanda na uzoefu, mwingine akaleta nchi na watu wake. Mtu akiyalinganisha haya na zabuni ya kwanza, ataona kwamba mahali pale pale penye ufa ulioiangusha Olive, yaani uthibitisho wa utengenezaji, ndipo muungano huu ulipokuwa na nguvu.

Lakini wanafunzi wasidhani kwamba ushirika wa namna hii hujiunda wenyewe. Pande mbili zisizo za nchi moja wala lugha moja hazina budi kukubaliana kabla ya siku ya kufungua sanduku: nani ataongoza, nani ataweka dhamana, hasara ikitokea itagawanywaje, na mafundi wetu watafundishwa nini hasa. Yakiachwa hayo kwa matumaini, muungano hushinda zabuni kisha hushindwa na kazi. Mashindano ya mkataba wa serikali hufanana na ujenzi wa nyumba: anayeona paa husifu paa, lakini msingi ulichimbwa pale ambapo hapana aliyetazama.

Mwaka 2016 vifaa vilijaribiwa kwanza katika shule 150, na huo ulikuwa uangalifu mwema, kwani kosa katika shule 150 hurekebishika, bali kosa katika shule zote huwa msiba. Baadaye vikasambazwa kote. Kufikia mwaka 2019 vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimefikishwa katika shule zaidi ya 21,000 za msingi. Umeme ulikuwa umevutwa mpaka shule za vijijini ambazo hazikuwahi kuuona, na hilo peke yake lilikuwa badiliko kubwa, maana taa ya shule humulika zaidi ya kishikwambi. Vyuo vyote viwili, cha Moi na cha Juja, viliingia katika kazi ya kuunganisha vifaa humu humu nchini.

Hata hivyo, mwandishi wa historia hapaswi kuandika sifa tupu. Katika shule nyingi vishikwambi vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, na wakati mwingine wezi walivifuata huko huko. Walimu wengine walipata mafunzo ya siku chache, wakarudi darasani wakiwa na kifaa mkononi bila ujasiri moyoni. Watoto walikuwa wengi kuliko vifaa, na betri zilipochakaa hapakuwa na fundi wa karibu. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ilionekana wazi kwamba vifaa vilinunuliwa kwa matumizi ya darasani. Vingi vilibaki shuleni na watoto wakabaki nyumbani. Kasoro hizi nyingi hazikutokana na bei wala na hati za zabuni. Zilitokana na mambo ambayo kitabu cha masharti hakiwezi kuyanunua kwa urahisi: mwalimu aliye tayari, uangalizi wa kila siku, na mwendelezo wa kazi baada ya sherehe ya uzinduzi.

Nayasema haya nikiwa mwalimu wa walimu, na naona kwamba hapa pana somo lenye uzito kuliko yote. Serikali hupata kile inachokiuliza. Mwaka 2013 iliuliza kompyuta, ikaletewa bei za kompyuta. Mwaka 2015 iliuliza kompyuta pamoja na ufundi, ikaletewa vyuo vikuu na viwanda. Lau ingeuliza kwa uzito ule ule habari za mwalimu, wazabuni nao wangalilazimika kumjibu mwalimu. Mwito wa zabuni ni swali la taifa, na swali likipunguka, jibu haliwezi kutimia, hata likijibiwa na mwerevu wa namna gani.

Kwa hiyo, kijana unayesoma insha hii, usiidharau kazi ya karatasi. Huenda ukawa mhandisi, mhasibu, mwanasheria au ofisa wa serikali, na siku moja utaketi upande mmoja wa meza ya zabuni. Ukiwa upande wa anayeuliza, andika swali lako ukimkumbuka mtoto wa shule ya mbali ambaye hatakuona kamwe. Ukiwa upande wa anayejibu, usiahidi usichoweza kukithibitisha. Tafuta mwenzi mwenye kile ambacho huna, na ufike kabla ya saa. Ukishindwa kwa haki, kubali; ukishindwa kwa hila, sheria imekupa siku 14 na mahali pa kusema. Na ukishinda, kumbuka kwamba kushinda zabuni ni kupewa ruhusa ya kuanza kazi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na tembo la umma likitiwa maji, wanywao ni watoto.